Subira ama Vuta N'Kuvute: ipi uiweke Ijumaa usiku?

Subira yavuta heri. Mtoto wa pwani huyasikia maneno haya kabla hajaanza chuo, na akikua huyasema bila kuyafikiria. Mwezi uliopita nimeyafikiria sana, kwa sababu nimetazama filamu mbili ambazo ni kama zimegawana methali hiyo. Moja ni Subira, ya Kenya, iliyotoka 2018, na hadithi yake inaanzia hapa hapa Lamu. Nyingine ni Vuta N'Kuvute, ya Tanzania, ya 2021, na hiyo ni ya Unguja. Kila moja ina binti wa pwani aliyeozwa kwa shauri la wakubwa. Wa kwanza anaingia ndoani na hamu yake kifuani. Wa pili anaikimbia ndoa.

Nilizitazama Ijumaa mbili mfululizo, sebuleni kwa mama, Langoni. Tangu hapo wateja wangu wa madera wakija kupimwa huniuliza waanze na ipi, na kila mmoja nimempa jibu lake, mpaka wengine wakadhani nabadilika-badilika. Sibadiliki. Ni kwamba kwetu mtu hatazami filamu peke yake. Hapa hakuna kwenda kukata tiketi ukakaa gizani na watu usiowajua. Utatazama nyumbani, ama kibandani kule vijana wanakotazama mpira, ambako filamu nyingi ni za ngumi na bunduki zilizosimuliwa na DJ Afro, yule anayezieleza filamu za kigeni kwa Kiswahili. Nyumbani ukiweka filamu umeiwekea nyumba nzima. Kwa mama huwa tuko mimi, mama mwenyewe aliyepita miaka 70, binti wa kaka yangu wa miaka 13, kaka yangu anayeingia na kutoka, na jirani mmoja ambaye kahawa ikiwa tayari hakosi. Kwa hivyo nitakwambia filamu ipi ni ya nani.

Subira, na wasichana walioshika champali

Subira imeongozwa na Ravneet Chadha, ambaye wengi humwita Sippy. Ilianza kama filamu fupi, baadaye akaifanya ndefu, na 2019 ndiyo Kenya iliyoipeleka kugombea Oscar upande wa filamu za kimataifa. Anayecheza Subira ni Brenda Wairimu, yule tuliyemzoea katika tamthilia ya Mali. Hadithi yenyewe ni nyepesi kuieleza: kuna msichana wa Lamu anayeipenda bahari na anataka kuogelea, mama yake anamkataza kwa kuwa mila hairuhusu, na mwishowe anaozwa kwa matajiri wa Nairobi, mji usio na bahari.

Mgeni akisikia hivyo huenda akauliza, kuogelea tu ndiyo iwe filamu nzima? Basi na aje gatini saa kumi na moja jioni maji yakiwa yamejaa. Atawaona wavulana wakijipanga ukutani, suruali zimewaganda miguuni, wanaruka mmoja baada ya mwingine, wanapanda ngazi, wanaruka tena. Wenyewe hata hawaitazami bahari, wameizoea kama sisi tulivyozoea punda vichochoroni. Na kando yao atawaona wasichana wa umri ule ule, buibui zao zinapepea, wameshika champali za kaka zao. Mimi nimezishika champali hizo. Binti wa kaka yangu anazishika mpaka leo.

Ndiyo maana nasema: kama nyumbani mwako kuna msichana wa kati ya miaka 10 na 16, anza na Subira, na ukae naye mpaka mwisho. Usimwachie atazame peke yake kwenye simu. Usiku ule binti wa kaka yangu alikuwa mkekani anamenya chungwa. Mambo ya kuogelea yalipochacha aliacha kumenya, chungwa nusu lina ganda nusu halina, akanigeukia.

"Shangazi, na mimi je?"

Sikuwa na jibu. Nilimtazama mama, nikijua vizuri aliyonikataza mimi nikiwa na miaka hiyo. Mama alinyamaza kidogo, kisha akasema bila kuondoa macho kwenye televisheni, "Mai hayana kosa, mwanangu. Kosa ni mato ya watu." Mai kwetu ni maji, mato ni macho.

Nimeishi na mama miaka yangu yote na sikuwahi kumsikia akisema hivyo. Filamu inayoweza kumtoa mama wa Kiamu neno kama hilo, mimi naithamini, na aibu zake nazisamehe.

Kwa sababu aibu inazo. Sehemu ya Nairobi ilinipoza. Tukiwa Lamu nilikuwa nimeshikwa. Tulipohamia kwenye nyumba kubwa ya matajiri nilianza kuona tamthilia ninazozijua, nyumba zile zile, makochi yale yale, watu wakisimama kwenye ngazi kugombana. Tena mama wa Subira, kwa maoni yangu, hakutendewa haki. Anayekataza naye ana historia yake. Amekatazwa na nani? Aliogopa nini? Nilitaka kukaa naye jikoni hata dakika kumi nimsikilize. Na lugha: Kiswahili chake kinaeleweka kote, ni kizuri, lakini Kiamu chetu, lahaja ya Lamu, sikukisikia. Mama akisema anasema mai, mato, ndoo kwa njoo, ndia kwa njia. Lamu niliiona kwa kuta zake za mawe na vichochoro vyake, masikioni ikawa mbali.

Vuta N'Kuvute, ya baada ya watoto kulala

Hii ni ya Amil Shivji, na imetokana na riwaya ya Adam Shafi iliyochapishwa 1999. Walioisoma skuli Tanzania wanaijua hadithi hiyo kwa moyo. Ni Unguja ya miaka ya 1950, Mwingereza bado yuko. Yasmin, binti wa Kihindi, ameozwa kwa mwanamume aliyemzidi umri kwa mbali. Anamkimbia, anapata hifadhi kwa rafiki yake Mwajuma, na huko anakutana na Denge, kijana aliyejitia katika harakati za kumwondoa mkoloni. Yasmin anachezwa na Ikhlas Gafur Vora, Denge na Gudrun Columbus Mwanyika, Mwajuma na Siti Amina ambaye ni mwimbaji hasa, na inaonekana. 2021 filamu hii ilionyeshwa katika tamasha la Toronto.

Ukiniuliza ipi imetengenezwa vizuri zaidi, sitazunguka: ni hii. Si kwa umbali mdogo. Watu wake wanazungumza kama watu. Hakuna anayemaliza sentensi yake vizuri ili kamera ihamie kwa mwenzake. Usiku wake ni usiku kweli, na mwanga unaangukia uso wa mtu kama unavyoanguka kwetu mlango wa uani ukiachwa wazi kidogo. Mji Mkongwe hauonyeshwi kama kadi ya posta. Kuta zimechakaa, na mtu anayeishi humo hazioni tena. Mtu wa Lamu akitazama atajihisi nyumbani, ingawa si Lamu.

Na si nyumbani kwa macho tu. Wengi wa vijana wetu hawajui kwamba hadi 1963 ukanda huu wa pwani, maili 10 kutoka baharini, ulihesabiwa ni wa Sultani wa Unguja hata kama aliyekuwa akiuendesha ni Mwingereza. Mama alikuwa mtoto wakati huo. Filamu ilipofika kwenye mambo ya wakoloni akaanza kutusimulia bendera nyekundu ya Sultani, na jinsi baba yake alivyobishana na wenzake barazani kuhusu nani tutakuwa chini yake. Ikabidi niisimamishe filamu. Nilisimamisha mara tatu usiku ule, na wala sikukasirika. Kama una mzee nyumbani mwenye kumbukumbu za kabla ya uhuru, hilo peke yake linatosha kukufanya uichague.

Lakini ujue unachokichagua. Hii ni hadithi ya mwanamke aliyemwacha mume akaingia katika mahaba na mwanamume mwingine, na filamu haioni haya kuyakaribia mahaba hayo. Usiiweke mbele ya mkweo. Usiiweke mbele ya watoto. Binti wa kaka yangu nilimpeleka kulala kwao saa mbili, akanuna, nikamwacha anune.

Jambo jingine ni mwendo wake. Ni dakika 90 na kitu, ila zinakwenda polepole, kuna kimya kirefu na watu wanaotazamana. Kaka yangu alisimama mara ya kwanza kwenda kuzungumza na mtu nje, hakurudi. Jirani alisinzia. Nimelicheka jambo hili moyoni kwa mapenzi: filamu inayoitwa Subira ndiyo inayokuvuta, na inayoitwa Vuta N'Kuvute ndiyo inayotaka subira. Mtu aliyechoka na kazi akitaka hadithi imbebe, ampe nafasi Subira. Anayetaka kukaa na kitu kikae naye siku tatu, achague hii ya pili.

Walioisoma riwaya nina neno nao. Mtakosa mengi. Kitabu kina maneno tele, hasa Mwajuma, ambaye kwenye kurasa hanyamazi, na kina safari na vituko ambavyo filamu haikuweza kuvibeba vyote. Mimi nilisoma kitabu kwanza na nusu saa ya mwanzo nilikuwa natazama kilichokosekana badala ya kilichopo. Kama bado hujakisoma, tazama kwanza, kisha usome. Utafurahi mara mbili. Nikirudi nyuma ningefanya hivyo.

Stima ilipotea tukiwa tumebakisha kama nusu saa. Tukakaa gizani, mwanga wa simu umegeuzwa juu kwenye boriti. Hakuna aliyesema twende tukalale. Jirani aliamka, akauliza yule msichana amefika wapi, nikamweleza kwamba bado hajajulikana kama atarudi kwa mumewe. Hapo mama akasema neno moja tu, tena kwa ukali kama anayemwambia mtu aliye mbele yake: "Asirudi."

Kwa hivyo, ukiziweka bega kwa bega

Kwa Kiswahili, Vuta N'Kuvute inashinda. Ina lafudhi yake, ina taarabu, ina matusi ya upole ya Kiunguja ambayo mtu wa Lamu atayaelewa kwa kucheka kabla ya kuyaelewa kwa akili. Mama, ambaye Kiingereza hakisomi, hakuhitaji msaada wa mtu.

Kwa bahari, Subira inashinda. Katika Vuta N'Kuvute bahari iko, ila ni ya watu kuja na kuondoka. Katika Subira bahari ni kitu ambacho mtu anakitaka kwa ngozi yake, na sijaona filamu nyingine ya kwetu iliyoiona hamu hiyo ikaichukulia kwa uzito.

Kwa ndoa, ndipo nilipohangaika. Yasmin ana Mwajuma. Hilo ndilo lililonikaa. Ana mlango wa kubisha usiku na mtu wa kumfungulia asimuulize maswali. Subira nilipomtazama nilikuwa namtafutia Mwajuma wake na sikumpata. Wasichana wengi ninaowashonea nguo za harusi hawahitaji Denge wala hawahitaji mapinduzi. Wanahitaji mlango mmoja. Ukitaka mazungumzo hayo na bibi harusi mtarajiwa, mdogo wako au rafiki yako, watu wazima mko peke yenu, weka Vuta N'Kuvute, wala usiwe na wasiwasi.

Kama mwenye kuamua ni baba

Kuna ya tatu niliyoitazama baadaye, na nisipoitaja nitakuwa nimewanyima akina baba. Ni Nawi, ya 2024, iliyopelekwa na Kenya Oscar mwaka huo huo. Si ya pwani, ni ya Turkana. Nawi ana miaka 13, amefaulu mtihani, anataka sekondari, na babake ameshamtafutia mume kwa mifugo. Imetokana na hadithi ya Milcah Cherotich, ina waongozaji wanne, na msichana anayemcheza Nawi, Michelle Lemuya Ikeny, ana macho ambayo huwezi kuyakwepa.

Kaka yangu, yule wa kuingia na kutoka, aliketi. Aliketi tangu mwanzo hadi mwisho, simu yake ikilia akaizima. Subira ilikuwa mambo ya mama na binti, hakujiona humo. Hapa alimwona baba. Binti yake mwenyewe ana miaka hiyo hiyo 13, alikuwa ameegemea goti lake. Sheria ya Ndoa ya 2014 imeweka miaka 18, hilo kaka yangu analijua, amelisikia kwenye mikutano ya chifu mpaka amelichoka. Lakini kuisikia sheria na kumwona mtoto mwenye jina lake na ufaulu wake ni mambo mawili. Mimi niliposwa nikiwa na miaka 16, na nilimaliza skuli kwa sababu marehemu baba alisimama mlangoni akawaambia wageni warudi baada ya mtihani. Kaka yangu alikuwepo siku ile. Hatukulitaja usiku ule, ila alinitazama nikajua amelikumbuka.

Ugumu wa Nawi kwa nyumba kama yetu ni lugha. Kiturkana ni kingi, na maandishi ya chini ni ya Kiingereza. Nilimsomea mama kila mstari kwa Kiswahili, kwa sauti, koo likakauka, na kila nilipotazama chini kusoma nilimkosa Nawi usoni. Mkiwa na mtu asiyesoma Kiingereza, gawaneni kazi: mmoja asome nusu ya kwanza, mwingine ya pili. Na maji ya kunywa yawe karibu.

Mbili nazitaja haraka. Wenye watoto wadogo chini ya miaka 10 waziache hizi zote na watazame Supa Modo ya Likarion Wainaina, ya 2018, fupi, kama saa na robo tu. Ni ya Jo, mtoto mgonjwa anayetaka kuwa shujaa wa sinema, na kijiji kizima kinamsaidia. Watacheka, kisha watauliza maswali ya kifo, kwa hivyo mzazi asiende jikoni. Na watu wa Malindi na Kilifi yote, The Letter ya 2019, ya Maia Lekow na Christopher King, inawahusu moja kwa moja: ni ya kweli, ya kijana Karisa anayerudi kutoka Mombasa baada ya bibi yake mzee kutuhumiwa uchawi. Ni nzito na ni ya lazima. Mbele ya mama sikuiweka. Niliitazama peke yangu, asubuhi, nikampigia simu baadaye bila sababu.

Ijumaa hii tunarudia Vuta N'Kuvute kwa ombi la mama mwenyewe. Anasema zile nyimbo za taarabu alizisikia nusu kwa sababu ya jirani kukoroma. Binti wa kaka yangu atalala kwao tena, na safari hii hakununa, kwa sababu nimemwahidi Jumamosi. Baada ya swala ya alfajiri tutatembea ukingoni mwa bahari mpaka Shela, tupite mahoteli, tufike kule mchangani ambako saa hizo hakuna mato ya watu. Dera la kuogelea nimeshamshonea, kitambaa kizito kisichopanda juu majini, mikono mirefu, na nimekaza pindo mara mbili. Mama amesema naye atakuja. Nilimwambia ni mbali kwa magoti yake. Akasema tutakwenda polepole, na kwamba lazima awepo mtu wa kushika champali.